Mbege Iliyolala na Mvinyo Uliokolezwa

Katika Uru, nchi ya vihamba iliyo kati ya Kibosho na Old Moshi, mtu akialikwa kwenye mbege haulizi kwanza ni shughuli gani, huuliza, "Inachanganywa lini?" Akiisha kujibiwa ajua siku ya kufika, na hata saa. Mbege iliyochanganywa leo jioni ni tamu kesho asubuhi, ni kali kesho jioni, na kesho kutwa haina rafiki. Twasema kwa Kiswahili kwamba chakula kimelala, yaani kimepitiwa na usiku na hakifai tena kama jana. Lakini mbege iliyolala haikulala kabisa. Imefanya kazi usiku kucha ndani ya pipa, na kazi yake hiyo ndiyo inayoiharibu.

Tumeona yafaa kuandika habari hii kwa sababu ya jambo lililotokea karibu na kwetu miaka michache iliyopita. Kulikuwa na arusi, na mbege ilichanganywa Ijumaa jioni kwa kuwatazamia wageni watokao Dar es Salaam. Gari la wageni liliharibika njiani, na arusi ikasogezwa mbele hata Jumapili. Jumamosi jioni akina mama walioipika mbege waliionja, wakatikisa vichwa. Ndipo vijana wa nyumba ile, kwa nia ya kuwaepusha wazazi wao na aibu, wakanunua gongo kwa siri, wakaimimina katika mapipa, wakasema, Sasa haitaharibika. Siku ya pili wazee walikunywa kwa kipimo walichokizoea tangu ujana wao, kata baada ya kata, wala hapakuwa na mtu aliyewaambia kwamba kilichomo ndani ya kata kimebadilika. Mzee mmoja, jirani yetu, hakufika nyumbani usiku ule. Alionekana alfajiri amelala ndani ya mfongo, nao ni mfereji wa maji, nyonga imevunjika. Hakufa, lakini hata leo hutembea kwa magongo mawili.

Kijana mmoja katika wale alikuwa amehudumu mezani katika hoteli ya watalii mjini. Alipoitwa mbele ya kikao cha ukoo alijitetea hivi: "Babu zangu, hata Wazungu hutia pombe kali katika divai yao ili isiharibike. Mimi mwenyewe nimeimimina katika glasi za wageni." Wazee wakatugeukia sisi, wakauliza, "Mwalimu, ni kweli?" Siku ile hatukuwa na jibu. Tangu hapo tumesoma na kuuliza, na jibu letu ni kwamba kijana alisema kweli, ila aliijua nusu yake tu. Na ile nusu aliyoikosa ndiyo iliyomvunja mzee nyonga.

Kwanza hatuna budi kueleza mbege ilivyo, kwa ajili ya wasomaji wa nchi nyingine, maana wengi hudhani ni pombe ya ndizi na basi. Jina lenyewe lakataa dhana hiyo. Mbege, au mbeke kwa kufuata mahali mlimani, ni jina la Kichagga la ulezi. Pombe ilipewa jina la nafaka, si la tunda, ijapokuwa tunda ndilo lijazalo pipa. Wazee wetu katika lugha ya nyumbani huiita pombe wari, na neno mbege limeenea zaidi katika Kiswahili cha mjini na cha vilabu.

Ndizi huvundikwa hata ziive sana, kisha huchemshwa kwa saa nyingi mpaka rangi yake igeuke kuwa nyekundu ya udongo. Hupozwa, hufunikwa, na kuachwa zichache kwa muda wa siku kadhaa. Juu ya Shimbwe, kwenye baridi, huchukua siku nyingi kuliko huku chini karibu na mji. Kitu hicho kilichochacha huitwa nyalu, na maji yake huchujwa. Pembeni hutengenezwa kimea cha ulezi: ulezi hulowekwa, huachwa uchipue, huanikwa, husagwa, kisha hupikwa uji uitwao mso. Ulezi huo zamani ulilimwa katika mashamba ya chini ya mlima na kunyweshwa kwa mifongo wakati wa kiangazi. Siku hizi mwingi hununuliwa sokoni, watoka mbali. Pamoja na hayo hutiwa gome la msesewe, mti mkubwa uotao kando ya mito, ambao wataalamu wa mimea huuita Rauvolfia caffra. Gome lake ni chungu mno, na mpishi asiyejua kipimo chake huharibu pipa zima. Mwisho nyalu iliyochujwa na mso uliopoa huchanganywa, na mchanganyiko huo hukaa usiku mmoja. Asubuhi ni mbege.

Angalia jinsi kazi ilivyogawanywa. Ndizi zaleta sukari. Kimea chaleta sukari nyingine, maana mbegu ichipuapo hutoa kitu kigeuzacho wanga wake kuwa utamu. Ndiyo sababu uji wa kimea ni mtamu hata bila kutiwa sukari. Chachu, viumbe vidogo visivyoonekana kwa macho, hula sukari na kutoa kileo pamoja na hewa ifanyayo povu. Mpishi wa Uru hanunui chachu dukani. Yatoka katika maganda, katika vyombo, katika hewa ya nyumba yenyewe. Nyumba iliyopika mbege miaka arobaini ina chachu yake, na wanywaji wazuri huweza kusema mbege imetoka kwa nani kabla hawajaambiwa.

Lakini pamoja na chachu huingia wageni wengine. Wamo watiao uchachu, kama ule wa maziwa mgando, na wamo wale wabaya zaidi, ambao wakipata kileo na hewa pamoja hukigeuza kuwa siki. Watu wa pwani wawajua sana, kwa kuwa tembo la mnazi lililogemwa asubuhi ni tamu, la jioni ni kali, na likiachwa siku kadhaa huwa siki ya kupikia mchuzi. Mbege ina kileo kama cha bia, takriban sehemu 5 katika 100 au pungufu, na kiasi hicho hakiwezi kuwazuia wageni hao. Basi mbege huwa hai kwa muda wa siku moja, na siku ya pili huwa imeanza kufa.

Nasi twaamini kwamba desturi nyingi za mlimani zimejengwa juu ya kufa huko. Mali iwezayo kuwekwa humfanya mtu ajifungie, mbege haiwekeki. Mwenye pipa la mbege hana budi kuwaita majirani leo, wala hawezi kusema, Nitawaita nikipenda. Kesho jirani naye ana lake, amwita yeye. Ndivyo ilivyoingia katika posa, katika matanga, katika kugawana urithi, na katika kuomba msamaha, ambapo mkosaji huleta jani la sale na pombe kwa yule aliyemkosea. Mwenye nyumba huonja kwanza mbele ya watu wote, ili ionekane haina hila; kisha kata hufuata umri. Haya yote yataka pombe iliyo nyepesi, kwa maana mashauri huchukua muda mrefu. Mzee aliyekunywa kata tatu za mbege huweza bado kukumbuka mpaka wa kihamba uliwekwa na nani na mashahidi walikuwa nani. Hatusemi kwamba hapana walevi kwa mbege, wapo, na wake zao wawajua kuliko sisi. Twasema tu kwamba kipimo kilichozoewa kilikuwa kipimo cha pombe nyepesi.

Sasa twende kwenye divai ya yule kijana. Hapa yatupasa kusimama kidogo kwenye maneno. Kiswahili kina majina mawili ya maji ya zabibu yaliyochacha. Mvinyo ni neno la Wareno, vinho, nalo lilibaki pwani baada ya Wareno kuondoka. Lakini katika vinywa vya watu wa kale halikuwa la divai tu, lilitajwa hata kwa pombe kali iliyokenekwa. Divai ni neno la Wafaransa, nasi watu wa misheni twalijua kwa altare kabla ya kulijua kwa meza. Kwa hiyo lugha yetu tangu zamani ilichanganya katika neno moja, mvinyo, vitu viwili ambavyo kijana wetu alivichanganya katika pipa moja. Katika makala haya tutaita mvinyo kile kinywaji cha zabibu, na kwa kile kikali kilichokenekwa tutasema pombe kali.

Kukeneka ni kuchemsha kinywaji kilichochacha, kuushika mvuke wake na kuupoza, hata utone. Kileo huchemka kwenye nyuzi 78, na maji kwenye nyuzi 100. Basi kileo hutangulia kupanda, na matone ya kwanza huwa makali kuliko kile kilichobaki chunguni. Ustadi huo Ulaya iliupokea kwa sehemu kubwa kutoka kwa wataalamu wa Kiarabu, na jina la chombo chake, alambiki, ni la Kiarabu. Neno alkoholi nalo hutokana na al-kuhl, jina la wanja. Wasomaji wetu wa pwani watacheka kusikia kwamba wanja wa macho na kileo cha Wazungu ni ndugu kwa jina.

Katika Hispania, upande wa kusini karibu na bahari, kuna mji uitwao Jerez de la Frontera. Waarabu walipoutawala waliuita Sherish. Mfalme Alfonso wa 10 aliuteka mwaka 1264, lakini jina halikupotea. Waingereza waliokwenda huko kununua mvinyo waliligeuza likawa sherry, nasi kwa Kiswahili tutaandika sheri. Biashara hiyo ni ya zamani. Mwaka 1587 Francis Drake alipouvamia mji wa Cádiz, husimuliwa kwamba aliondoka na mapipa yapatayo 2,900 ya mvinyo wa nchi ile, na tangu hapo Waingereza wakazidi kuupenda. Shakespeare amemweka katika mchezo wake mzee mnene Falstaff ausifuye mno.

Mizabibu ya Jerez, ambayo kwa sehemu kubwa ni ya jinsi iitwayo palomino, hupandwa katika udongo mweupe kama chokaa, unaonyonya mvua ya masika na kuishika wakati wa kiangazi kirefu. Zabibu hukamuliwa, na maji yake huachwa yachache hata sukari yote iishe. Hapo ndipo wasemapo mvinyo ni mkavu. Neno hili huwashangaza watu, maana kitu cha majimaji kitakuwaje kikavu? Lakini sisi wenyewe twasema chai kavu, tukimaanisha chai isiyo na kitafunwa. Mvinyo mkavu ni ule usio na utamu wa kuusindikiza, chachu imeula wote. Jambo hili si la ulimi tu. Sukari ikibaki katika pipa ni chakula kilichowekewa chachu, nayo haitatulia. Mbege yetu hunywewa ingali na sukari na wanga na unga wa ulezi ndani yake, kwa hiyo ina chakula tele cha kuendelea kuchacha.

Mvinyo huo wa Jerez, ukiisha kukauka, huwa na kileo cha sehemu 11 au 12 katika 100. Kisha wenye ghala huuonja na kuugawa. Ule ulio laini hukolezwa kwa pombe kali iliyokenekwa kutoka zabibu, hata ufike sehemu 15 katika 100. Ule ulio mzito hukolezwa hata 17 na kupita. Tofauti ya sehemu 2 yaonekana ndogo, lakini ndani yake mna siri yote. Kwenye sehemu 15 wale wageni wa siki hushindwa, ilhali aina moja ya chachu huweza bado kuishi. Nayo hupanda juu ya mvinyo na kufanya utando mweupe, kama malai juu ya maziwa yaliyochemshwa. Wahispania huuita flor, yaani ua. Pipa la lita 600 hutiwa lita 500 tu, ili utando upate nafasi na hewa. Utando hula kile kidogo kilichobaki, huuzuia mvinyo usiguswe na hewa, na huupa harufu ya mkate na lozi. Mvinyo huo huitwa fino. Na ule wa Sanlúcar de Barrameda, kando ya bahari, huitwa manzanilla. Kwenye sehemu 17 utando hufa, hewa hugusa mvinyo, nao huwa wa rangi ya kahawia na harufu ya jozi. Huo ni oloroso. Na pale utando ulipoishi kwanza kisha ukafa, hupatikana wa tatu, amontillado.

Tulipomsomea habari ya utando bibi mmoja wa jirani, mpishi wa mbege kwa miaka mingi, alishangaa. Kwake yeye utando mweupe juu ya pipa ni habari ya msiba, na pipa hilo hupewa nguruwe. Alituuliza, "Nao huwajuaje kwamba utando wao si kama wetu?" Tuliona ni swali la mtaalamu. Jibu ni kwamba kipimo cha kileo ndicho mlinda mlango. Kwenye sehemu 5 kila kiumbe huingia, na utando waweza kuwa wa yeyote. Kwenye sehemu 15 wengi mno wamefungiwa nje, na yule abakiye ajulikana kwa jina.

Kisha wana desturi ambayo yatupendeza kuieleza. Mapipa hupangwa safu juu ya safu. Ya chini kabisa, karibu na sakafu, ndiyo yenye mvinyo wa kale kuliko yote, na huitwa solera, kwa sababu ya sakafu hiyo. Ya juu huitwa criadera, neno ambalo sisi wakulima wa kahawa tungelifasiri kitalu. Wakitaka kuuza, huteka sehemu tu ya mapipa ya chini, kwa kawaida isiyozidi theluthi kwa mwaka. Pengo hujazwa kutoka safu ya pili, la pili kutoka ya tatu, na safu ya juu hupokea mvinyo mpya. Pipa la chini halimalizwi kamwe. Kwa hiyo katika kila chupa mna matone ya mvinyo uliotiwa na watu waliokwisha kufa. Sheri haiwezi kuuzwa kabla haijatimiza miaka 2 katika mapipa, na nyingine hukaa miaka 30.

Jerez si peke yake. Katika Ureno, bonde la Douro, ambalo mipaka yake iliwekwa kwa sheria mwaka 1756, wao hutia pombe kali wakati mvinyo ungali unachacha. Chachu hufa ghafula, na utamu hubaki. Kisiwani Madeira waligundua kwamba mvinyo uliokolezwa, ukipitishwa katika bahari za joto ndani ya tumbo la merikebu, hurudi mzuri kuliko ulivyoondoka. Na Marsala, Sicilia, mfanyabiashara Mwingereza John Woodhouse mwaka 1773 alitia pombe kali katika mvinyo wa huko ili ufike kwao salama. Kote huko sababu ya kwanza ni moja: mvinyo ulikuwa mali ya kusafirishwa, na mnywaji alikuwa mbali, tena hajulikani. Ladha ilikuja baadaye, watu walipoisha kuizoea.

Jambo hili lilitugusa hata sisi kwa njia ya altare. Divai ya Misa, kwa sheria ya Kanisa, yapasa iwe ya zabibu tupu na isiyoharibika. Mapadre wa Roho Mtakatifu walifika Bagamoyo mwaka 1868, wakapanda Kilimanjaro karibu na mwaka 1890, na divai yao ilipita bahari ya joto, kisha vichwani mwa wapagazi, maana reli ya Tanga haikufika Moshi mpaka 1911. Divai nyepesi katika safari kama hiyo huweza kufika ikiwa siki, na siki haifai altareni. Roma iliulizwa juu ya shida za namna hii, na mwaka 1896 ikajibu kwamba yaruhusiwa kuikoleza, lakini kwa masharti: pombe iongezwayo itoke katika zabibu zenyewe, na kileo chote kwa jumla kisizidi sehemu 18 katika 100. Tazama jinsi hata katika ruhusa kulivyo na kipimo na asili. Siku hizi mizabibu hustawi Dodoma, ambako huzaa mara mbili kwa mwaka, nayo haihitaji merikebu.

Basi kijana alisema kweli. Wazungu hukoleza. Turudi sasa kwenye mapipa yake.

Mvinyo wa Jerez una sehemu 12. Kuufikisha 15 kwa pombe kali ya sehemu 96, kila lita 100 zahitaji lita 4, wala hazitimii. Mbege ina sehemu 5. Gongo haina kipimo kijulikanacho, lakini tukisie ina sehemu 40. Kuifikisha mbege sehemu 15, kila lita 100 za mbege zahitaji lita 40 za gongo. Hapo hapana mbege tena. Vijana hawakutia kiasi hicho. Walitia, kwa maneno yao wenyewe, dumu la lita 10 katika kila pipa la lita 100. Fanya hesabu, utapata sehemu 8 na kidogo. Kwenye sehemu 8 wageni wa siki huishi bila shida, na sukari ya ndizi na unga wa ulezi bado vimo, kwa hiyo pombe iliendelea kuharibika kama kawaida; uchachu ulifichwa tu na ukali. Lakini mzee aliyekunywa lita 3 kwa siku nzima, kama alivyozoea, alimeza zaidi ya mara moja na nusu ya kileo alichokizoea, wala hakujua. Dawa ilikuwa ndogo mno kuiponya mbege, na kubwa mno kwa mnywaji.

Tena kuna asili ya gongo yenyewe. Jina lake ni la fimbo nene ya kupigia, na walioliita hivyo walijua walichokuwa wakisema. Sheria ya nchi ya mwaka 1966 huiita moshi, nayo inakataza kuikeneka pasipo leseni. Uganda nao walikuwa wametunga sheria kama hiyo juu ya enguli mwaka 1965, na humo ndimo ilimotoka waragi ya viwandani. Hofu kubwa si ukali wake peke yake. Wako wauzaji waongezao kileo cha viwandani kiitwacho methanoli, ambacho kwa macho na kwa harufu hakitofautiani sana na kileo cha kunywa, lakini mwilini hugeuka sumu, hupofusha macho na kuua. Nairobi mwezi wa Novemba 2000 watu zaidi ya 100 walikufa kwa pombe iliyotiwa kitu hicho. Mtu wa Jerez ajua pombe kali yake ilikenekwa wapi, kutoka tunda gani, na kwa kipimo gani. Vijana wetu walinunua dumu gizani, kwa mtu asiyetaka hata uso wake uonekane.

Tulipokwisha kueleza haya katika kikao cha pili, kijana alinyamaza, kisha akauliza jambo la maana: "Sasa, Mwalimu, wageni wakichelewa, mbege tuimwage?" Sisi hatukuweza kumjibu, ila yule bibi aliyeuliza habari ya utando alimjibu mara moja. Alisema kosa halikufanywa Jumamosi, lilifanywa Ijumaa. Nyalu iliyofunikwa vizuri humngoja mgeni siku moja au mbili, hasa kwenye baridi. Kimea kikavu humngoja hata miezi. Kisichoweza kungoja ni vile viwili vikiisha kukutana. Zamani, alisema, mkwe akitoka mbali, mso haukubandikwa jikoni mpaka mtoto aliyetumwa kilimani arudi na habari kwamba wageni wameonekana ng'ambo ya mto.

Mwaka huu kulikuwa na arusi nyingine katika ukoo uleule, na wageni walitoka tena Dar es Salaam. Nyalu ilikuwa tayari tangu asubuhi, na ulezi umesagwa. Kijana yule alikaa kwenye kigogo nje ya jiko, simu mkononi. Jioni ilipiga, basi limepita Same. Akamwita bibi, naye akawasha moto.